Kufunga nanotyubu za kaboni kwenye epoksi: mwongozo kamili kwa maabara ndogo

Pale Dunga, ufuoni Kisumu, fundi mmoja wa boti aliniita nione ubavu wa boti ya faibaglasi uliopasuka. "Mwalimu, hebu shika hapa." Nikashika. Nyuzi za glasi zilikuwa zimechomoza kwenye ufa kama nyasi kwenye ukuta wa udongo uliobomoka, safi, zinang'aa, hazina hata chembe ya rezini. Hazikukatika, ziling'oka. Uzi ulikuwa na nguvu zake zote. Kilichoshindwa ni mshiko kati yake na plastiki iliyouzunguka.

Hapo ndipo wanapokwama wengi wanaojaribu kuimarisha epoksi, rezini inayoganda ikichanganywa na kigandishi (hadna), kwa nanotyubu za kaboni, yaani mirija midogo sana isiyoonekana kwa macho. Wanasoma kwamba ukakamavu wa mrija mmoja unakaribia terapaskali 1, takriban mara tano ya chuma cha pua, wananunua gramu chache kwa pesa nyingi, wanazikoroga ndani ya rezini, kisha wanapima na kukuta kitu dhaifu kuliko rezini tupu. Kazi yote iko mpakani, pale kaboni inapokutana na polima. Mwongozo huu unaonyesha jinsi ya kuujenga mpaka huo kwa vifaa ambavyo maabara ya kawaida kuanzia Njoro hadi Maseno inaweza kuvipata: kabati la kuvuta moshi, beseni la mawimbi ya sauti, pampu ya vakyumu, oveni na mizani inayosoma miligramu.

Kwa nini mrija mtupu haushiki

Sumio Iijima wa Japani alipozieleza nanotyubu zenye kuta nyingi mwaka 1991, alichoonyesha ni karatasi za kaboni zilizoviringwa, moja ndani ya nyingine. Kila atomu ya kaboni imeshikana na jirani zake watatu na imetosheka. Haina mkono wa ziada wa kumpa mgeni. Ndiyo maana rezini huteleza juu yake. Zaidi ya hayo, mirija hupendana yenyewe kwa yenyewe. Nguvu zinazoivutanisha ni ndogo kwa kila atomu, lakini mrija una upana wa nanomita 10 au 20 tu na urefu wa mikromita kadhaa, kwa hiyo eneo la kugusana ni kubwa na mirija hujisokota kuwa vifundo. Kifundo ndani ya epoksi ni sawa na kokoto ndani ya chapati: ukivuta, panaanza kupasuka hapo.

Dawa ni kuipa mirija mikono. Tunaichoma kidogo kwa asidi ili ioteshe vikundi vya atomu zenye oksijeni, viitwavyo kaboksili na haidroksili, mwishoni na kwenye kasoro za ukuta, halafu tunavifunga vikundi hivyo na epoksi kwa kifungo cha kovalenti, kile cha atomu kushirikiana elektroni. Neno kubwa hapo ni "kidogo". Kila mkono unaootesha ni tundu umelitoboa ukutani. Ukizidisha, unapata mirija inayoshika vizuri lakini imekatika vipande na imepoteza nguvu uliyoinunua.

Kununua

Anza na zenye kuta nyingi, upana wa nanomita 10 hadi 20, usafi wa asilimia 95 au zaidi. Zenye ukuta mmoja ni ghali na hazifai kwa njia hii, kwa sababu ukuta ukishatobolewa hakuna mwingine. Zenye kuta nyingi hupokea jeraha kwenye ukuta wa nje na zile za ndani zikabaki nzima. Gramu 1 inatosha kwa majaribio ya mwanzo.

Kabla hujafungua chupa

Unga huu ni mweusi, mwepesi, na huelea hewani bila wewe kuuona. Mwaka 2014 shirika la utafiti wa saratani lililo chini ya Shirika la Afya Duniani liliiweka aina moja ya nanotyubu zenye kuta nyingi, MWCNT-7, kwenye kundi la vitu vinavyoweza kusababisha saratani kwa binadamu. Mirija mirefu na migumu huingia kwenye mapafu na kukaa, kama asbesto. Taasisi ya usalama kazini ya Marekani, NIOSH, inapendekeza kiwango kisizidi mikrogramu 1 kwa mita ya ujazo ya hewa kwa siku ya kazi ya saa 8. Huwezi kuona wala kunusa kiwango hicho.

Kwa hiyo barakoa ya kitambaa haina maana hapa. Vaa ya kiwango cha FFP3 au P100, glavu za nitrili mbili mbili, miwani iliyoziba pembeni, na koti ambalo halirudi nawe nyumbani kwa watoto. Pima uzito kwa njia ya tofauti: pima chupa ikiwa imefungwa, mimina ukiwa ndani ya kabati, funga, pima tena. Kilichomwagika kifutwe kwa kitambaa chenye maji. Usifagie kamwe.

Asidi

Flaski ya mviringo ya mililita 250, ndani ya barafu. Tangulia na mililita 20 za asidi ya naitriki ya asilimia 65 hadi 70. Juu yake ongeza polepole mililita 60 za asidi ya salfuriki ya asilimia 95 hadi 98, ukitikisa taratibu. Salfuriki ndiyo inayoingia kwenye naitriki, si kinyume. Mchanganyiko utapata joto, uache upoe. Sasa ongeza gramu 1 ya nanotyubu kwa mafungu madogo.

Flaski isizibwe. Weka kipoozeo juu yake na uhakikishe kabati linavuta, kwa kuwa moshi wa kahawia utakaouona ni dioksidi ya naitrojeni, na huo huharibu mapafu saa kadhaa baada ya kuuvuta, wakati wewe umeshasahau. Na jambo hili naliomba kwa dhati: asetoni, ethanoli au kiyeyusho chochote cha aina hiyo kisikaribie kabisa mchanganyiko huu. Asidi hizi mbili pamoja na asetoni zinaweza kuwaka au kulipuka. Chombo kilichosuuzwa kwa asetoni kisuuzwe tena kwa maji na kikauke kabla ya kukitumia.

Tumbukiza flaski kwenye beseni la mawimbi ya sauti, nyuzijoto 45, kwa saa 2. Beseni hujipasha lenyewe likifanya kazi, hivyo angalia kipimajoto kila robo saa na utupie vipande vya barafu ndani ya maji ya beseni. Stima ikipotea, andika dakika ulizofikia, hamishia flaski kwenye barafu, na ikirudi uendelee ulipoachia. Ukiiacha ikae na joto lake huku ukingoja, hutajua mirija imechomwa kwa muda gani, na matokeo yako hayataweza kurudiwa na mtu mwingine.

Muda ukiisha, mimina polepole ndani ya lita 1 ya maji baridi yenye barafu. Asidi ndani ya maji. Iache usiku kucha, asubuhi mirija itakuwa imekaa chini. Ondoa maji ya juu na uchuje kwa utando wa PTFE wenye matundu ya mikromita 0.45.

Kuosha ndiko kunakochosha, na ndiko kusikofaa kukatiza

Osha kwa maji yaliyokenekwa. Yale yanayouzwa kwenye vituo vya petroli ya kuongezea betri yanafaa ukikosa ya maabara, ila soma chupa vizuri usije ukachukua asidi ya betri. Mwanzoni maji yatapita upesi. Kadiri pH inavyopanda kuelekea 6, chujio litaanza kuziba na maji yaliyo juu yake yatabaki meusi kama wino. Usikasirike. Vikundi vya kaboksili vimeanza kupoteza haidrojeni zake, mirija imepata chaji hasi, inasukumana na haitaki kutulia. Ndiyo dalili ya kwanza kwamba asidi imefanya kazi.

Watu wengi huishia hapo. Mimi nakusihi uongeze hatua moja. Asidi haioteshi vikundi kwenye mirija pekee. Hutengeneza pia takataka ndogo za kaboni zilizochomeka sana, zinazojibandika juu ya mirija kama masizi juu ya sufuria. Takataka hizo zina kaboksili nyingi. Ukizifunga na epoksi, umeifunga epoksi na masizi, na masizi yamebandikwa tu kwenye mrija; ukivuta, yanabanduka pamoja na rezini. Kwa hiyo osha kwa sodiamu haidroksidi ya molari 0.01. Maji yatakayopita yatakuwa ya kahawia kama chai ya rangi. Endelea mpaka yawe meupe. Kisha rudisha kaboksili katika hali yake kwa asidi ya haidrokloriki ya molari 0.01, na umalizie kwa maji.

Maji ya asidi ya mwanzo yakusanye kwenye ndoo ya plastiki na uyatulize kwa magadi, kidogo kidogo, kwa sababu yatafura povu. Chujio zilizotumika na mabaki meusi huenda kwenye mkebe wenye kifuniko na lebo, si kwenye sinki. Maji ya Kisumu huishia ziwani, na ziwa hilo ndilo linalotulisha samaki.

Usikaushe

Kundi langu la kwanza nililikausha kwenye oveni, nyuzijoto 110, usiku mzima, nikijiona nimefanya kazi safi. Asubuhi nilitoa kitu kigumu kinachong'aa kama kipande cha makaa. Nilikisaga kwa kinu, nikakitia kwenye mawimbi ya sauti kwa saa 3, na bado epoksi yangu ilikuwa na vidoadoa vinavyoonekana kwa macho. Maji yakitoka, kaboksili za mrija huu hushikana na za mrija ule, na kifundo kinachopatikana ni kigumu kuliko cha mwanzo.

Kama kuna mashine ya kukausha kwa kugandisha, itumie. Kama haipo, acha mirija ikiwa bado imelowa, na baada ya kuhakikisha kwa karatasi ya pH kwamba hakuna asidi iliyobaki, ioshe kwa asetoni mara tatu juu ya chujio ili maji yatoke. Iweke kwenye chupa ikiwa na asetoni yake. Chukua kijiko kidogo cha tope hilo, pima, kikaushe, pima tena. Sasa unajua gramu 10 za tope zina gramu ngapi za mirija.

Je, mikono imeota?

Jaribio la bei rahisi kuliko yote: miligramu 5 ndani ya mililita 10 za maji, dakika 5 za mawimbi, kisha acha mpaka kesho yake. Weka pembeni chupa ya mirija mitupu. Mitupu itakuwa imelala chini na maji yameng'aa; iliyotiwa asidi itabaki wino.

Ukitaka namba, titresha. Miligramu 50 za mirija iliyokaushwa ndani ya mililita 20 za sodiamu haidroksidi ya molari 0.01, chupa imefungwa vizuri, ikorogwe usiku kucha. Chuja, kisha pima alkali iliyobaki kwa asidi ya haidrokloriki ya nguvu hiyo hiyo. Fanya pia chupa isiyo na mirija, maana hewa peke yake hula alkali. Tofauti ya mililita 7.5 ni sawa na milimoli 1.5 kwa gramu. Kipimo hiki kinahesabu vikundi vyote vyenye asidi, si kaboksili pekee.

Ukipata rafiki mwenye kifaa cha Raman, kinachosoma mwanga wa leza unaotawanywa na sampuli, mwombe akuangalizie kilele cha D (cha kasoro) kwenye 1350 na cha G (cha kaboni iliyopangika) kwenye 1580, kwa kipimo cha cm⁻¹. D ikipanda sana ukilinganisha na G, kuta zimeumia. Punguza muda wa asidi. Kwenye infraredi tafuta kaboksili karibu na 1720.

Kuifunga na epoksi

Hapa kuna kosa linalorudiwa kila mahali. Mtu anachukua mirija yenye kaboksili, anaikoroga kwenye rezini, anaongeza hadna palepale na kuamini kwamba kifungo kitajitengeneza. Hadna za kawaida ni za jamii ya kemikali zenye naitrojeni ziitwazo amini. Amini ikikutana na kaboksili kwenye joto la chumba hutengeneza chumvi tu, mshiko wa chaji, na epoksi huganda kabla kaboksili haijapata nafasi ya kufungua pete ndogo ya atomu iliyo kwenye kila kikundi cha epoksi. Kwa hiyo kaboksili na rezini zikutanishwe kwanza, kwa joto, kabla hadna haijaingia chumbani.

Tuchukue gramu 100 za rezini ya kawaida ya bisfenoli A, ambayo uzito wake kwa kila kikundi cha epoksi ni 187. Hadna yetu iwe TETA (trietilinitetramini), yenye uzito wa 24.4 kwa kila haidrojeni tendaji. Gawanya 24.4 kwa 187, zidisha kwa 100: gramu 13. Jumla ni gramu 113, na tukitaka asilimia 0.25 ya mirija tunahitaji gramu 0.28. Soma namba za rezini yako mwenyewe, usinakili zangu. Wapo wanaouliza kama hadna ipunguzwe kwa kuwa mirija imekula epoksi. Gramu 0.28 zina milimoli 0.4 hivi za vikundi, ilhali rezini ina milimoli 535. Usipunguze chochote.

Tawanya mirija kwenye mililita 300 za asetoni kwa dakika 30 za mawimbi, beseni likiwa na barafu. Imimine kwenye rezini iliyopashwa kidogo, na ukoroge kwa sumaku ndani ya kabati huku asetoni ikitoka. Pasha kwa sahani ya umeme isiyo na cheche. Jiko la mkaa au la gesi lisiwe hata kwenye chumba hicho.

Hapa miinuko yetu ina neno lake. Kisumu iko mita 1,130 hivi juu ya usawa wa bahari, Nakuru karibu 1,850. Asetoni ambayo vitabu vinasema huchemka kwenye 56, Nakuru huchemka karibu na 50, kwa hiyo panda joto taratibu isije ikafurika. Na geji ya vakyumu yenye alama hadi −1 (bar) haitafika hapo kamwe: Nakuru husimama karibu na −0.8, Kisumu karibu na −0.88, hata pampu ikiwa mpya. Nimeona pampu nzima ikipelekwa kwa fundi bure kwa sababu ya jambo hilo.

Maliza asetoni kwa vakyumu kwenye nyuzijoto 80, na upime bika mpaka uzito ukome kushuka. Asetoni iliyobaki hulainisha epoksi na pia hula sehemu ya hadna. Uzito ukitulia, ongeza gramu 0.1 za trifenilifosfini kama kichocheo, pandisha hadi 100, koroga kwa saa 3. Kaboksili hufungua pete ya epoksi na kutengeneza kifungo kiitwacho esta, na mrija sasa una mkia wa rezini uliofungwa kikemia. Rezini itakuwa nzito zaidi, kama asali ya asubuhi ya baridi.

Kuna njia ya pili: kufunga daiamini (amini yenye ncha mbili) kwenye kaboksili kwa msaada wa kabodiimidi, kemikali ya kuunganisha, kisha amini iliyobaki wazi ishiriki kwenye ugandaji wenyewe. Kifungo cha amaidi ni imara na hakisumbuliwi na maji kama esta, jambo la maana kwa boti. Daiamini iwe nyingi kupita kiasi, la sivyo kila ncha itashika mrija wake na utakuwa umeshona vifundo upya. Njia ya zamani ya kutumia thionili kloridi siipendekezi. Hupambana vikali na maji na kutoa gesi mbili za sumu, na faida yake haizidi hatari hiyo.

Kumimina

Poza rezini hadi 30. Ongeza gramu 13 za hadna, koroga polepole dakika 4 ukikwangua kuta za kikombe, iweke kwenye vakyumu dakika chache, mimina. Fanya asubuhi mapema. Kila nyuzi 10 za joto hupunguza muda wa kazi kwa takriban nusu, na mchana wa Kisumu hauna huruma. Rezini ikirundikana kwenye kikombe inaweza kujipasha hadi itoe moshi. Unyevu wa ziwani nao hufanya amini itoke usoni na kuacha utando wenye mafuta. Ukiuona, uoshe kwa maji ya uvuguvugu kabla ya tabaka linalofuata. Acha saa 24, kisha oveni ya 100 kwa saa 2.

Kupima kwa haki

Tengeneza makundi matatu: rezini tupu, rezini yenye mirija isiyotibiwa, na yenye mirija iliyofungwa. Rezini tupu nayo ipitie asetoni, kichocheo na zile saa 3 za joto, la sivyo unalinganisha watoto wa nyumba mbili. Sampuli zisipungue 5 kwa kila kundi.

Usingoje miujiza kwenye nguvu ya kuvutwa. Faida kubwa mara nyingi huonekana kwenye uwezo wa kuzuia ufa usitambae: mwaka 2005 watafiti wa Hamburg waliripoti ongezeko la asilimia 43 la uwezo huo katika epoksi yenye asilimia 0.5 ya nanotyubu za kuta mbili zenye amini, huku nguvu ya kuvutwa ikipanda kidogo tu. Kwa boti inayogongwa na mawe kila jioni, hilo ndilo linalotakiwa. Kisha tazama uso uliovunjika. Chini ya hadubini ya elektroni mirija iliyoshika huonekana mifupi, imekatika, imevaa rezini. Isiyoshika huwa mirefu na mitupu, na pembeni yake kuna matundu ilimong'okea.

Ukiipeleka rezini hii kwenye matandiko ya glasi au katani, ipake kwa brashi na rola. Ukiivuta kwa vakyumu kupitia kitambaa kirefu, kitambaa hugeuka chujio: upande wa kuingilia unakuwa mweusi na wa mwisho unabaki na rangi ya chai. Kupiga msasa kufanywe kwa msasa wa maji pekee, kipande kikiwa kimelowa muda wote.

Rezini iliyobaki bila hadna hukaa miezi kwenye chupa yenye kifuniko. Andika juu yake tarehe, asilimia ya mirija na saa za asidi. Kabla ya kuitumia tena ipashe hadi 50, ikoroge dakika 10, na utandaze tone moja kati ya vioo viwili uitazame dhidi ya mwanga. Ukiona vidoa, irudishe kwenye mawimbi kabla hujagusa hadna.